Chumba Chako na Mashua ya Baba

Nyumbani kwa baba,
koridoni, penye cherehani,
Jumanne mchana.

Mpendwa kaka,

Salamu kwanza, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa, na mama angefufuka anikemee kama ningeanza na yaliyo moyoni. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule, na yule mdogo kikohozi kimemwacha? Natumaini mko wazima wote na kazi inakwenda. Huku nasi tu wazima. Baba anakula vizuri. Mguu wake wa kushoto bado mzito tangu alipougua, na mkono wa upande huo unatetemeka akishika kitu kwa muda, lakini dawa anameza bila kusukumwa. Shangazi hajambo, na mdomo wake pia haujambo. Mdogo wetu Cheche yuko kwenye karakana yake anachomelea mageti ya watu kama kawaida. Mimi afya ninayo. Nilichokosa ni subira.

Kaka, nimekasirika. Nasema mapema usije ukasoma ukurasa mzima ukidhani ni barua ya kukuomba kitu cha dukani.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikikupigia nikiwa nyumbani, baba akisikia ni wewe anataka iwekwe sauti kubwa, na mbele yake siwezi kusema ninayotaka kusema. Nikitoka nje nikupigie peke yangu, unaniambia uko kazini, utanipigia, na hupigi. Basi nimeona niandike, maana karatasi huwezi kuikatia. Anakuletea yule jirani yetu muuguzi anayefanya kazi mji mmoja na wewe; likizo yake inaisha mwisho wa wiki hii. Nimemwomba asikuachie mlangoni. Aingie, akae, anywe chai yako mpaka umalize kusoma.

Viatu ulivyomtumia baba vimefika, asante. Ni vikubwa. Amevishindilia magazeti kwenye vidole na anavivaa hivyo hivyo, eti vimetoka kwako. Vile nilivyomnunulia mimi, vya saizi yake, viko chini ya kitanda.

Jambo lenyewe ni mashua. Unakumbuka ilivyokuwa ulipoondoka: imelala ubavu nyuma ya nyumba, mbao zimeachana, kuku wanatagia ndani, na mlingoti tumeufanya nguzo ya kamba ya nguo. Baba aliinunua kabla ya sisi kuzaliwa, akawa anatuvusha nayo kwenda kwa bibi kila likizo, halafu kazi ya kupima viwanja ikammeza na mashua ikasahauliwa. Alipougua, daktari alimwambia atafute kazi ya kuuzoeza mkono. Watu wengine wangekaa na mpira wanauminyaminya. Baba yako akasema ataifufua mashua.

Ulipoambiwa, ulifurahi kuliko sote. Maneno yako nayakumbuka kwa sababu baba ameyarudia mpaka yamechakaa: "Baba, mkimaliza tu niambieni, nitakuja tuishushe majini mimi na wewe." Uliyasema kama mtu anavyomwambia muuza duka kwamba atapita kesho. Yeye aliyapokea kama hati ya kiwanja.

Basi tukafanya kazi. Sitaki uone zile picha za kwenye simu ukadhani tulikuwa tunacheza. Tulianza kwa kutoa mbao zilizooza, na zilizooza zilikuwa nyingi kuliko nzima. Cheche alifunga karakana kila Jumapili, akatengeneza misumari na boliti mwenyewe kwa sababu baba alisema za dukani zinashika kutu kabla hazijaona maji. Mbao mpya hazikubali kupinda hivi hivi. Tulizifunika magunia, tukazimwagia maji ya moto birika baada ya birika, kisha tukazibana kwa kamba na kwa magoti yetu mpaka zikatii. Nina kovu la moto gotini mpaka leo.

Shangazi alianza kwa kusema kaka yake kachanganyikiwa, na sasa ndiye fundi wetu wa kuziba nyufa. Anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaipigilia katikati ya ubao na ubao kwa patasi butu, na muda wote huo anagombana na mashua. Anaiita wifi. "Wifi, umenenepa upande huu," anasema. "Wifi, ukimzamisha kaka yangu utanitambua." Anadai kwamba tangu mama atutoke hana wa kubishana naye humu ndani, na mashua angalau hainuni.

Mimi nilishona tanga. Cherehani yangu iko koridoni, unapajua, kati ya mlango wa jikoni na mlango wa choo. Turubai lile zito nilililisha mashine upande huu, likatokea upande wa pili, likaingia jikoni, likapanda meza, likalala juu ya masufuria. Tanga zima linanuka kitunguu. Nilimwomba baba anifungulie chumba chako nilitandaze sakafuni siku chache tu, nikate kwa nafasi. Alinitazama kama nimemwambia nataka kufugia mbuzi. "Pale ni kwa kaka yako," akasema, akarudi kwenye randa yake. Nikalikata koridoni nimepiga magoti, kipande kwa kipande, watu wakiniruka kwenda chooni.

Sasa nije kwenye hicho chumba. Ulikijenga mwaka ule ulipopata kazi nzuri, na sote tulikushukuru, sitakanusha. Lakini ulikijenga kwa simu. Mwashi alikutumia picha ya uwanja, wewe ukachora duara jekundu kwenye kona ya nyumba, ukasema hapo, pana upepo. Kaka, kona ile ndipo uani panapogeukia kwenda barabarani. Njia yenyewe bado ipo, mtu anapita, mkokoteni unapita, ila nafasi ya kugeuza kitu kirefu ndiyo ilimezwa na ukuta wako. Upande wa pili kuna ghala la jirani la matofali, na nyuma yetu nyumba za watu zimeshikana. Wakati ule mashua ilikuwa banda la kuku, na kuku hana haja ya kona pana, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Tangu mwashi atie kitasa, hakuna aliyelala humo. Godoro bado limevaa nailoni yake. Mapazia nilishona mimi, nikayatundika, nikatoka. Feni ya dari haijawahi kuzunguka. Ufunguo anao baba kwenye mfuko wa shati, na kila asubuhi kabla ya chai anapita na kitambaa anafuta vumbi la dirisha kwa nje. Hapa nyumbani hakiitwi chumba, kinaitwa kwa kaka. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu imegeuka: asiyekuwepo ndiye mwenye chumba, na tuliopo tunashonea koridoni.

Nikueleze sasa kosa letu, na ucheke ukitaka, maana hata muuguzi alicheka nilipomsimulia. Pua ya mashua, yaani ile omo inayotangulia majini, ilikuwa imeoza na kudondoka zamani. Baba alipoanza kuichonga upya na kuirudisha mahali pake, mashua ikarefuka, na kila mtu hapa nyumbani akaona kwamba haitageuka pale konani kwako. Kila mtu aliona, na hakuna aliyesema. Unatujua. Sisi ni ukoo wa funika kombe mwanaharamu apite. Kusema mashua haigeuki ni kusema chumba cha kaka kivunjwe, na nani angelitoa neno hilo mbele ya baba?

Mimi nilipima kwa futi yangu ya kushonea, baba akiwa kliniki. Nikakuta haitoshi, nikajiambia labda futi imevutika kwa kutumika. Cheche alipima kwa futi yake ya chuma nilipokwenda sokoni, akajiambia mimi na baba lazima tuna mpango. Shangazi alipima kwa kamba ya nguo, akafunga fundo mahali kamba ilipoishia, akaificha ndani ya ndoo. Tukaendelea kupiga msasa na kusifiana, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ameshalimaliza hilo.

Na baba je? Mzee aliyepima viwanja vya watu maisha yake yote, ambaye akisimama tu barabarani anakuambia ukuta wa nani umeingia kwa nani. Yeye hakuhitaji futi. Aliona siku ya kwanza.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini alikuwa anatuchelewesha. Ubao uliokaa sawa anaung'oa, anasema haujakaa. Rangi iliyokauka anaikwangua. Cheche alitishia kurudi kwenye mageti yake moja kwa moja. Baba hakuwa anasubiri mbao zikauke, kaka. Alikuwa anakusubiri wewe uje, usimame pale, uone kwa macho yako, useme, "Baba, bomoeni hiki chumba mashua ipite." Alikuachia wewe ulitamke, kwa sababu chumba ni chako na yeye hawezi kumbomolea mwanawe nyumba.

Mwishowe kazi ikaisha na visingizio vikaisha. Jumamosi iliyopita majirani walikuja, Cheche akaleta magogo ya kuviringishia, rafiki yake mwenye trela akaegesha barabarani. Baba alivaa shati lake la kazini, lile la mifuko minne. Wewe ulikuwa kwenye simu, Cheche amekuinua juu ili uone. Tukasukuma. Mashua ikaenda, ikaenda vizuri, watu wakaanza kupiga makofi, halafu omo ikagota kwenye ghala la jirani na tezi, ule mwisho wa nyuma, ukabanwa na ukuta wako. Tukairudisha. Tukajaribu kuilaza ubavu kidogo. Ikakwama palepale.

Ndipo kila mtu akaanza kusema alijua. Cheche alijua. Mimi nilijua. Shangazi akaenda kuitoa kamba yake yenye fundo kwenye ndoo, kama shahidi mahakamani. Majirani wakatazama chini kwa adabu, isipokuwa mmoja aliyelazimika kutoka nje ya geti akamalizie kicheko chake. Mtu akauliza kuhusu winchi ya kuinyanyua juu ya paa. Cheche alikuwa ameshaulizia kwa siri, akaambiwa nyaya za umeme zimepita pale na gari lenyewe halipati pa kupita kuingia uani kwetu.

Hapo ukasema. Nataka uyasome maneno yako yakiwa kwenye karatasi: "Si mkate tu kidogo hapo mbele, mkifika majini mtaunganisha." Halafu ukasema una kikao, tukutumie picha, ukakata simu.

Hapo mbele, kaka, ndipo pale baba alipomaliza nguvu zake. Aliichonga ile omo kutoka gogo moja, kwa mkono ambao hauwezi kufunga kifungo cha shati. Alikuwa anachonga kidogo, anakaa, anaukanda mkono, anarudi. Mimi ni mshona nguo tu, na najua ukikata kitambaa penye nguvu yake hutakirudisha kikawa kizima hata ushone na dhahabu. Maji yatapatafuta palepale. Wewe ulilisema hilo huku unatafuta koti lako. Nilikuona kwenye kioo cha simu.

Baba aliipangusa omo kwa kiganja. Watu walipoanza kuondoka, akasema, "Mmemsikia kaka yenu. Leteni msumeno."

Cheche akamwambia, "Baba, tukibomoa ukuta ule mmoja tu inatosha. Nitaujenga upya, hata yeye hataujua."

"Nani alikuambia kile ni chumba chako?" baba akamuuliza.

Kaka, Cheche ndiye aliyemwogesha baba alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani. Aliiweka futi yake chini akaondoka bila kuaga. Mimi nikachukua msumeno nikauficha chini ya rundo la sare za shule, nikalikalia.

Hiki ndicho kinachonichoma. Sisi tumepinda mbao kwa magoti. Tumekula vumbi la msasa mpaka tunakohoa rangi ya bluu. Lakini neno lako moja, tena la kupitia, lina uzito kuliko mikono yetu yote. Kama ni wivu, basi ni wivu, sioni haya kuusema. Ningetamani siku moja baba ayashike maneno yangu kama anavyoyashika yako. Ningekuwa mwangalifu sana nisiongee ovyo.

Jumapili nilikupigia kutoka kwa jirani. Ukaniambia, "Mbona baba anaonekana yuko sawa tu, msimsumbue mzee." Tusimsumbue sisi.

Na lipo jambo jingine, ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kungoja hasira ipoe. Wifi aliniambia, bila ubaya wowote, akidhani sote tunajua: mmenunua nyumba huko, watoto wameshakuwa wa huko, na mmeamua hamrudi tena kuishi hapa. Nilipokuuliza ukasema, "Ni kweli, ila baba asijue kwanza." Kwanza hiyo inaisha lini, kaka? Sikulaumu kwa kukaa huko. Mtu anaishi pale maisha yalipomkubali, na mimi si mtoto, naelewa. Ninachokulaumu ni kwamba umeniachia mimi niione asubuhi yake. Anapofuta dirisha lile, mimi nimekaa koridoni natazama, nikijua kwamba anayemfutia haji, naye hajui. Ulinibembeleza ninyamaze, na nimenyamaza, kwa sababu habari ni yako na wewe ndiye wa kuitoa. Umenitwisha mzigo wako kisha ukaenda zako kwenye kikao.

Niishie hapa kwa leo. Mama mmoja amesimama mlangoni na sare za wanawe, na kwa hasira hizi nitamshonea mtoto wa watu shati lenye miguu.

Alhamisi.

Naendelea. Jana nilipanga kuyafuta ya juu niandike upya kwa upole, kama mtu mwenye adabu zake. Sasa siyafuti.

Leo asubuhi baba ameupata msumeno. Nilikuwa nimekwenda kupeleka sare, Shangazi yuko bombani. Niliporudi nilimkuta amesimama penye omo, ameshachora mstari kwa penseli ya fundi, umenyooka kama mipaka yote aliyowahi kupima. Amevaa viatu vyako.

"Njoo unishikie hapa, mwanangu," akasema. "Mkono huu hauna nguvu, usije ukapasua mbao."

"Baba, mimi sishiki."

"Basi simama tu."

Akaanza. Mti ule ni mgumu, kaka, ndiyo maana aliuchagua. Msumeno ulikuwa unaruka, anaurudisha, unaruka. Meno yalipozama, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka. Akahamishia wa kulia kazi yote, na wa kulia nao ukachoka ukaanza kumwiga mwenzake. Nilikuwa nimeapa sitamgusa. Nikamshika kiwiko. Nikamwambia yale ambayo hakuna aliyeyasema humu ndani tangu mashua ianze kurefuka: baba, vunja chumba, ni ukuta tu, kaka hatakuuliza kitu.

Nilingoja anifokee kama alivyomfokea Cheche. Hakufoka. Aliweka msumeno chini, akakaa juu ya gogo, akajifuta uso kwa kile kitambaa chake cha dirisha, akaniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Na akija akakuta chumba hakipo, atalala wapi?"

Nilirudi koridoni nikalia juu ya sare za watoto wa watu, na Shangazi aliporudi na ndoo akaniona, akaweka ndoo chini, akaenda kukaa na kaka yake bila kusema neno. Unajua ni mambo gani yanayomnyamazisha Shangazi. Ni machache.

Mkato upo. Umeingia kina cha kidole, unaonekana ukisimama mlangoni. Shangazi amemtisha kwamba akiugusa msumeno kabla ya siku yake ya kliniki atamshtaki kwa daktari, na daktari anamwogopa. Kliniki ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kesho yake ataendelea, hilo ameshatuambia, na safari hii hatumwombi tena wala hatumfichi kitu, maana hatuwezi kumfichia mtu mzima mali yake ndani ya nyumba yake.

Kwa hiyo, kaka, sikuombi nilichokuwa nimepanga kukuomba. Juzi nilipoanza barua hii nilitaka kumalizia kwa kukuomba uje. Sasa nimeacha. Ukija siku chache, ulale humo, uondoe nailoni kwenye godoro kisha uondoke, atafunga mlango na kuanza kufuta dirisha upya, na safari hii atakuwa na sababu.

Nakuomba umwambie huji. Mpigie ukiwa umekaa, umevua koti, bila kikao. Mwambie kwa mdomo wako: baba, sirudi kuishi hapo, nitakuja kukutazama nikipata nafasi, na nikija nitalala sebuleni au kwa Cheche kama mgeni mwingine yeyote, chumba kibomoe. Usimtume wifi, usinitume mimi, usiseme "tutaona." Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Litamuuma. Acha limuume siku hiyo, alie kama atalia, kuliko haya ya kumuuma kila asubuhi huku yeye anayaita matumaini. Mimi nitakuwa nimekaa ubavuni mwake simu ikiwa sikioni, hilo nakuahidi, na Cheche nitamwita aje. Ukuta usikusumbue. Baba akisema ndiyo, Cheche hahitaji hata kiamsha kinywa, ataumaliza kabla jua halijawa kali, na mchana huohuo mashua itakuwa barabarani.

Muuguzi anafika kwako Jumapili. Una siku za kutosha za kuvuta pumzi. Ikifika Ijumaa hujapiga, nitamwambia mimi tukiwa njiani kutoka kliniki. Ataniuliza nimejua tangu lini, na nitamjibu ukweli. Halafu atakupigia yeye, na sijui utapokea ukiwa na kikao gani.

Usidhani nakuandikia hivi kwa kuwa nimeacha kukupenda. Ningekuwa nimeacha, ningemshikia baba ule ubao akakata, nikakutumia picha.

Shangazi anakusalimu. Amesema na neno jingine, ambalo siliandiki. Cheche hakuniambia nikusalimu, lakini jana alirudi kuchukua futi yake akakaa mpaka giza likaingia, kwa hiyo nakusalimu kwa niaba yake. Mpe wifi salamu zangu na umwambie sina kinyongo naye hata kidogo, yeye alisema ukweli tu. Watoto wabusu wote. Waambie babu yao amewatengenezea kiti, kibao kifupi kule mbele kabisa, ndani ya omo, amekipiga msasa mpaka hakina mwiba hata mmoja, kwa sababu anasema watoto hupenda kukaa mbele wayaone maji kabla ya watu wazima. Hatukukuonyesha kwenye picha, alitaka wakikute wenyewe. Mstari wa penseli umepita nyuma ya kibao hicho.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, ile ya huko, na akupe kauli ya kuanzia utakaposhika simu.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo ambapo sitaki,

mshona tanga.